Barua kwa mwanangu: vitabu vya kutaja mwishoni mwa kitabu chako cha kwanza

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako tumezipokea, nasi tunakurudishia kwa wingi. Hatujambo. Mama yako goti linamsumbua kwa upepo huu wa kusi, ila halijamzuia kwenda nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba binti yake katoa kitabu. Nikimwambia bado hakijatoka, kiko kwa mchapishaji, ananijibu nisimtie nuksi.

Bahasha yako niliichukua ofisi ya basi, na mswada nimeumaliza. Nitausemea baadaye. Kwanza swali lako, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Mchapishaji amekuomba ukurasa mmoja wa kuwekwa mwishoni mwa kitabu, ueleze ni vitabu gani vya safari na maajabu unavyovipenda na vilivyokufanya uandike. Umeandika orodha, karibu yote ya Kizungu, ukaikata. Ukaandika nyingine, yote ya Kiswahili, ukaikata nayo. Unaniuliza: nikitaja vya Kizungu, si wataniona mwigaji? Nikitaja Adili na Nduguze, si watasema nimeleta kitabu cha mtihani? Na kubwa zaidi, mtu mzima akianza uandishi kwa majini na mapango, nani atamhesabu?

Taja vile ulivyovisoma mpaka vikachomoka kurasa, viwe vya Kiswahili au vya kigeni, na kwa kila kimoja useme ni pahala gani hasa palipokushika. Usitaje kitabu kwa ukubwa wa jina lake. Jibu ni hilo. Yanayofuata ni sababu zake, na wewe wajua baba yako akishika kalamu hana breki.

Ulikuwa ukitoka shule unakuja maktaba, unakaa kwenye stuli kule chumba cha nyuma nilikokuwa nakarabati vitabu. Nadhani wewe ulikuwa unaona gundi tu. Mimi nilikuwa naona wasomaji. Kitabu cha kuheshimiwa kinarudi kizima: mgongo mgumu, kona kali, kadi yake ya kuazimia ina mihuri miwili mitatu ya tarehe basi. Kitabu kinachopendwa kinaletwa kwangu hoi. Mgongo umechanika juu, pale mtoto anapokivuta rafuni kwa kidole kimoja. Kurasa za mwanzo zimeachia uzi. Halafu ukikilaza mezani ukakiachia, kinafunguka chenyewe pahala pamoja, siku zote palepale, na ukingo wa karatasi hapo ni mweusi kwa vidole vya watu. Nilikuwa nachemsha uji wa unga wa ngano ndiyo gundi, natia mrututu kidogo mende wasiule, napitisha uzi kwenye nta, nashona. Lakini kabla sijashona nilikuwa nausoma ule ukurasa mweusi. Nilitaka kujua watu wa mji huu wanarudia nini.

Basi nikupe habari za Adili na Nduguze, maana umekionea haya bure. Nakala zake zilikuwa za namna mbili. Zile zilizopita madarasani zimejaa majibu pembeni kwa penseli, kurasa chache za mwanzo, kisha nyeupe mpaka mwisho. Hizo sizihesabu. Za pili ni zile watu walizoziazima kwa hiari yao, na wengi walikuwa watu wazima: vibarua wa bandarini, mafundi cherehani wa huku Ngamiani. Hizo zilikuwa zinafunguka palepale kila moja: usiku, Adili, liwali wa Janibu, mtu mwema asiyemdhulumu hata mnyama, anawatoa manyani wawili na kuwachapa mijeledi huku moyo wenyewe unamuuma. Na manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Aliyewageuza ni jini, na aliyemwamuru awachape kila usiku ni jini huyohuyo.

Ulikuwa ungali mdogo uliponiuliza kwa nini asiwaache japo usiku mmoja wakapumzika. Nikakujibu amri ya jini haina likizo. Ukanuna mpaka wakati wa chakula. Sasa chukua mswada wako, tazama jini wako wa pangoni, yule anayedai kumbukumbu moja kwa kila njia anayomwonyesha msichana. Akimwonyesha njia ya kushoto, msichana anasahau sauti ya bibi yake. Akimwonyesha ngazi, anasahau jina la mtaa wao. Huyo ametoka wapi? Ametoka kwa Adili. Ajabu isiyomgharimu mtu kitu ni kiinimacho cha sikukuu, mtu anapiga makofi anakwenda zake. Wewe ulilijua hilo tangu siku uliyonuna, kwa hiyo liandike hivyo hivyo kwenye huo ukurasa. Hakuna atakayesema ni kitabu cha mtihani.

Na kuhusu mwigaji. Sheikh Shaaban Robert ni wa hapa hapa, kazaliwa Vibambani, kule Machui, mwaka 1909, akawa karani wa forodha miaka mingi. Adili na Nduguze kilitoka mwaka 1952, na shina la kisa chake liko katika Alfu Lela Ulela, mle mna hadithi ya mtu na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa. Yeye akakichukua, akawafanya manyani, akakipa wafalme wenye majina yanayosema tabia zao, akakijaza Kiswahili ambacho mpaka leo tunakiazima bila kurudisha. Je, mzee aliiga? Hadithi husafiri, mwanangu. Neno ni inakofikia inalishwa nini.

Kuhusu mtu mzima na majini, nadhani umesahau Kusadikika. Kilitoka mwaka mmoja kabla, 1951. Nchi nzima iko angani, haina ardhi chini yake. Karama anasimamishwa mahakamani kwa kosa la kutaka kufundisha uanasheria, waziri Majivuno ndiye mshitaki, na utetezi wake wote ni hadithi za wajumbe waliotumwa kila upande, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, juu mbinguni na chini ardhini, wakarudi na elimu, wakalipwa kifungo. Safari sita ndani ya kesi moja! Nchi hii ilikuwa chini ya Waingereza wakati huo. Angeandika habari ya karani wa Tanga anayeshitakiwa na mkubwa wake, kingechapwa? Aliipandisha nchi hewani ili aisemee iliyo chini. Atakayekuambia hayo ni mambo ya watoto, mwulize yeye kaandika nini.

Kuna kimoja hukukitaja katika orodha zote mbili, nami nimeshangaa. Nunda. Marehemu bibi yako alikusimulia usiku wa kukatika umeme, paukwa pakawa, mpaka ukawa hutaki kwenda uani peke yako. Kwa kuwa hukukisoma, umedhani hakihesabiki. Kinahesabika, na tena kimo kitabuni: Edward Steere, yule askofu, aliziandika hadithi za Waunguja kama zilivyosimuliwa, zikachapwa London mwaka 1870, na kisa cha Sultani Majnuni kimo, chenye mtende wake na paka wake. Paka anakula kuku, watu wanashitaki. Sultani anasema paka ni wangu na kuku ni wangu. Anakula mbuzi, jibu lilelile. Anapanda kwa ng'ombe, kwa punda, mpaka kwa watoto wa watu, na jibu halibadiliki, mpaka siku aliyowala wana wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo jina linapobadilika, si paka tena, ni nunda. Mimi sijasoma simulizi ya kutisha iliyojengwa vizuri kuliko hiyo, na nimeshona nyingi. Kinachotisha si meno ya yule mnyama, ni lile jibu la sultani. Lile zimwi lako la ghalani, linalonenepa kila mzee wa mtaa anapokaa kimya, ni mjukuu wa Nunda. Mtaje bibi yako kwenye ukurasa. Si lazima kila aliyekulea kihadithi awe na jalada.

Sasa vya kigeni. Yale mavitabu mawili mazito uliyoyaweka juu kabisa ya orodha ya kwanza, yafute. Yako hapa rafuni kwangu. Tiketi ya daladala uliyoifanya alama ya kusomea bado imo kwenye sura ya pili katika kimoja, na kingine mgongo wake haujawahi hata kupasuka. Usijisifie safari ambayo hukufika.

Lakini Mashimo ya Mfalme Sulemani kitaje, usikionee haya, maana kilichanika mikononi mwako mwenyewe. Najua sababu ya kukiondoa. Umesema kina dharau. Kina dharau kweli: H. Rider Haggard alikiandika mwaka 1885, na macho ni ya wakati ule. Wapagazi wanabeba, wanakufa, hakuna anayeuliza walikuwa na wake nyumbani au la. Tafsiri ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1929 ni ya Frederick Johnson, mtu wa kamusi, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu mno kiasi kwamba watu walimeza na dharau yake humo humo. Ila wewe hukumeza. Nakumbuka uliuliza, mbona hatuambiwi mpagazi anawaza nini? Miaka imepita, na mhusika wako mkuu ni binti wa mpagazi wa Pangani. Basi andika: hiki nilikipenda, nikagombana nacho, na ugomvi wenyewe ndio kitabu mlichoshika. Msomaji ataamini hilo kuliko mapenzi matupu.

Na pembeni yake, kama ukurasa una nafasi, weka Safari za Wasuaheli. Carl Velten aliukusanya mkusanyo huo ukachapwa Göttingen mwaka 1901, na waliozungumza humo ni watu wetu: Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo anasimulia alivyokwenda Udoe na Uzigua, Selim bin Abakari anasimulia alivyofika Urusi mpaka Siberia. Mswahili ndani ya theluji, karne moja na zaidi iliyopita, anatazama Warusi na kuwaeleza kama wao walivyozoea kutueleza sisi. Nilikukopea nakala kwa mwalimu mmoja ukaisoma wakati wa likizo. Hakina jini hata mmoja, lakini ndicho kilichokufundisha kwamba anayesafiri naye ana macho.

Kisiwa chenye Hazina sikwambii kitu, wewe mwenyewe ulikigeuza mchezo na wenzako kule Raskazone mpaka mmoja akavunjika mkono. Nikukumbushe jambo moja tu kuhusu mwandishi wake, Stevenson. Mwaka 1881 alikuwa Scotland, mvua imewafungia ndani, akawa anachora ramani ya kisiwa na mtoto wa mkewe. Kisiwa kikaja kwanza, watu wakaja baadaye. Kwa hiyo ile ramani ya mapango uliyoichora kwa mkono, ambayo umeandika pembeni "tutaitoa, si ya kitaalamu", usiitoe. Mwambie mchapishaji aiweke mbele kabisa.

Na kile cha Tolkien, The Hobbit, ulichokinunua kwa wauza vitabu vilivyotumika huko Dar. Hicho nacho kinafunguka pahala pamoja. Nimekijaribu juzi mezani. Ni pale yule mdogo na kile kiumbe cha gizani wanategeana vitendawili kando ya maji. Nilipokuona unakisoma kwa mara ya kwanza ulikuwa unacheka peke yako, nikajua sababu. Mtoto wa Kiswahili akisikia kitendawili anaitika tega bila kufikiri. Ila sisi tukishindwa tunatoa mji, mchezo unaendelea. Yule akishindwa analiwa. Umeshikwa hapo, sema umeshikwa hapo. Usiandike kwamba umevutiwa na "ujenzi wa ulimwengu" kama ulivyoandika; hayo ni maneno ya semina.

Mama yako ananisimamia hapa, anasema niandike Bwana Msa. Nimemwambia Mzimu wa Watu wa Kale si kitabu cha maajabu, ni cha upelelezi, na Bwana Msa kazi yake na kiko chake ni kuonyesha kwamba mzimu haumo, aliyemo ni binadamu mwenye njama. Anasema ndiyo maana akitaje: mwandishi wa mizimu lazima awe amesoma mtu asiyeamini mizimu. Sina la kumjibu. Tena kinakuhusu kwa jambo jingine: kilikuwa kitabu cha kwanza cha Muhammed Said Abdulla, kilishinda mashindano ya East African Literature Bureau, kikatoka mwaka 1960. Mtu akaanza na mzimu kwenye jalada, na hakuna aliyemwona mtoto.

Hata nje ya Kiswahili hali ni hiyohiyo. D. O. Fagunwa, mwalimu wa Nigeria, mwaka 1938 alitoa riwaya yake ya kwanza kwa Kiyoruba chake, mwindaji ndani ya msitu wa mapepo. Amos Tutuola, tarishi wa ofisi ya kazi pale Lagos, akachapishwa London mwaka 1952, mwaka uleule wa Adili, kwa hadithi ya mlevi anayemfuata mgema wake mpaka mji wa wafu. Wenzake waliosoma walimwonea aibu kwa Kiingereza chake. Kitabu hakikuona aibu, kikaendelea kusomwa.

Sasa mswada.

Mapango ya Amboni umeyaandika vizuri kuliko mtu yeyote niliyemsoma. Ule unyevu, popo, mkono wa mwongoza wageni unaopotea mbele ya tochi, ubani na chupa za marashi walizoacha watu pale mzimuni. Na umefanya vyema kutotumia ile hadithi ya kila mtu, ya mbwa aliyeingia Amboni akatokea mbali huko, watalii wameichosha. Osale Otango umemgusa kwa sentensi mbili tu, mtoro aliyejificha mle enzi za miaka ya 1950 na serikali ya mkoloni inamsaka. Mwongezee. Wazee wa mji huu bado wanabishana kama alikuwa jambazi au mtu wa watu, na ubishi ndio chakula cha riwaya.

Sura ya samaki mzee umeandika pembeni kwa wino mwekundu, "nifute? hawataamini." Usifute hata nukta. Wataalamu walidhani silikanti kafa pamoja na madinosaria, mpaka mwaka 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini. Kisha kuanzia miaka ya 2003 na 2004 nyavu za wavuvi wetu, hasa upande wa Kigombe, zikawa zinamtoa, mkubwa kama mtoto wa shule, mapezi kama miguu, mpaka serikali ikatenga hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Samaki aliyehesabiwa maiti kwa miaka milioni sitini na zaidi anauliza njia ya Kigombe. Wewe umempa sauti tu. Wasipoamini, waende Kigombe wakaulize.

Ila kuna kitu sitakusamehe, na msomaji yeyote wa pwani hatakusamehe. Sura ya sita jahazi linatoka Tanga mwezi wa saba kwenda Kilwa, tanga limejaa, upepo unatoka nyuma. Upepo gani huo? Mwezi wa saba ni kusi, linavuma kutoka kusini. Jahazi lako litafika Mombasa, litafika Lamu, lakini Kilwa halifiki bila kupigania kila maili. Unataka Kilwa kwa upepo wa nyuma, ondoka Januari na kaskazi. Unataka mwezi wa saba, basi nahodha apambane, abishe, maji yaishe, watu wagombane. Na kwa kweli sura itanoga zaidi. Jini anayekula kumbukumbu nitamwamini, kwa sababu umeniwekea masharti yake. Kusi linalovuma kutoka kaskazini siliamini. Na nikishakosa kuamini upepo, jini naye ananiponyoka.

Hilo hasa ndilo ningependa ulichote kwenye vile vitabu vyako, kuliko majina yao. Tazama Adili: kuna kodi, kuna mjumbe wa Mfalme Rai anayekuja kukagua hesabu za Janibu, kuna mambo ya utawala yanayokwenda kwa utaratibu wake, na ni katikati ya hesabu hizo ndipo manyani wanaonekana. Nunda ameanza na kuku wa watu. Wewe una duka la baiskeli la Makorora, lile la yule fundi anayeziba pancha huku anaimba, sura ya kwanza nzima. Mhariri amekuambia ulikate ufike pangoni haraka. Mimi nasema punguza, usikate. Tukilijua duka lile mpaka harufu ya solusheni, siku msichana atakapoisahau harufu hiyo kwa kumlipa jini, itatuuma. Hatutahitaji kuambiwa kwamba imeuma.

Mambo ya kuchapisha siyajui kama ninavyojua uzi na gundi, kwa hiyo nitayapita. Mkataba usome neno kwa neno. Haki ya kuchapa kitabu ni moja. Haki ya kukitafsiri, ya kukisoma redioni, ya kukifanya filamu, ni nyingine, na kila moja iandikwe peke yake. Usitie sahihi neno "zote" kwa sababu una furaha. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada yako, kwa hiyo hayo unayoyatia sahihi leo yatawahusu wanao. Uliza mrabaha, yaani fungu lako katika kila nakala inayouzwa, ni asilimia ngapi na ya bei gani, ya jalada au ya jumla, na utalipwa lini. Namba ya kitabu kwa hapa nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Hakikisha mchapishaji anaiomba mapema.

Umesema watachapa nakala elfu moja tu na sauti yako niliisikia imeshuka. The Hobbit kilianza na nakala 1,500 mwaka 1937, na aliyekipitisha ni mtoto wa mchapishaji, wa miaka kumi, aliyelipwa shilingi moja kwa kuandika maoni yake. Harry Potter wa kwanza, mwaka 1997, zilikuwa nakala 500 za jalada gumu, tena baada ya wachapishaji kumi na wawili kumkatalia mama wa watu. Na Shaaban Robert mwenyewe, aliyefariki mwaka 1962, Kufikirika na Utubora Mkulima hakuviona vikitoka. Vilichapwa yeye kishazikwa. Elfu moja unazozishika mkononi ungali hai na meno yako yote, ni riziki.

Jambo moja la ufundi mwulize: watashona au watabandika gundi tu? Kitabu cha gundi tupu kwenye joto la Tanga hakimalizi msimu. Kama ni gundi, basi angalau wakuache ukurasa mtupu mwanzo na mwisho, mgongo upate pa kushikia. Na ukipewa nakala zako za mwandishi, mbili nipelekee maktaba, tatu niletee hapa. Mama yako anataka kumi. Mpe tano.

Ukurasa wako, basi, ungekaa hivi kwa mawazo yangu: bibi na Nunda kwanza, kisha Adili na lile swali lako la kununa, kisha ugomvi na Mashimo, kisha vitendawili vya gizani. Safari za Wasuaheli ukipata nafasi. Bwana Msa kwa ajili ya amani ya nyumba hii. Usizidi hapo. Usimalize kwa kuwashukuru wasomaji kwa kusoma, bado hawajasoma.

Mswada naurudisha kwa basi la Alhamisi, nimetia alama za penseli, si wino. Sura ya tatu nahodha anaitwa Faki, sura ya tisa amekuwa Haji, na sura ya kumi na moja ni Faki tena. Amua mmoja. Mama yako anasema Faki.

Ni mimi baba yako